Kuvua baharini California bila mwongozaji: mwongozo kamili wa safari ya kwanza, Pismo Beach

Malalamiko ni yale yale. Familia imetoka Los Angeles au San Jose usiku, imefika baharini alfajiri, imekaa gatini mpaka mchana. Chambo kimeisha chote na ndoo bado tupu. Wengine wamerudi na faini juu yake. Ukiwauliza walipanga nini, watakueleza barabara, chakula na pa kulala. Maji hawakuyapanga.

Hapa tunapanga maji. Nimechagua Pismo Beach, kaunti ya San Luis Obispo, kwa sababu mahali pamoja una gati la umma na ufuko wa mchanga kushoto na kulia. Ni takriban kilomita 280 kutoka Los Angeles na 380 kutoka San Francisco, kwa hiyo kundi la kusini na la kaskazini wanaweza kukutana katikati. Hatua hizi zinafaa fukwe nyingine za California. Oregon na Washington wana kanuni zao, usizichanganye.

## Vifaa

Usinunue vingi. Mtu wa mara ya kwanza anahitaji hivi tu:

- Rodi ya futi 7 hadi 9 na rili ya kawaida ya kuzunguka yenye mshipi wa nguvu ya ratili 10 hadi 15. Ya bei nafuu inatosha.
- Ndoana namba 4 na namba 6. Kumbuka namba ikipanda ndoana inapungua: namba 6 ni ndogo kuliko namba 4.
- Chubwi, yaani vizito vya kuzamisha mshipi, za aina mbili: za umbo la piramidi, wakia 2 hadi 3, na za umbo la yai zenye tundu katikati, karibu wakia 1.
- Pete ndogo za kuzunguka, shanga za plastiki, na mshipi mwembamba zaidi wa kutengenezea kishipi, yaani kipande kifupi kinachoshika ndoana.
- Koleo la kung'olea ndoana, kisu, na rula au utepe wenye inchi. Kanuni za California zimeandikwa kwa inchi, na askari wa wanyamapori atapima kwa inchi.
- Ndoo, sanduku la barafu, na wavu wa kushusha kwa kamba kama utavua gatini.
- Nguo za tabaka tabaka, koti la upepo, soksi za akiba. Maji ya eneo hili huwa kati ya nyuzi 10 na 16 hivi za Selsiasi, hata wakati wa kiangazi.
- Chambo: kamba wabichi, ngisi au kome wa kugandishwa. Kingine utakichimba mwenyewe mchangani.

Kitu ninachokiona kimekosekana mara nyingi ni rula. Watu hubeba rodi mbili na hawana cha kupimia.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa kutazama maji, halafu ndipo uombe ruhusa kazini

Aliyekulia Tanga, Lamu au Mombasa anajua bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo), lakini akifika Pasifiki hesabu yake humponyoka. Kule kwetu kujaa mara mbili kwa siku hukaribiana kwa kimo. California, kujaa kumoja huwa kukubwa na kwingine kudogo siku hiyo hiyo, na hata kupwa ni hivyo hivyo. Kwa ndugu waliovua Tanganyika, Kigoma au Uvira, jambo ni geni zaidi, maana ziwa halijai wala kupwa kwa saa.

Fungua ukurasa wa majedwali ya maji wa NOAA, idara ya Marekani ya bahari na anga, na utafute kituo cha Port San Luis, ndicho jirani na Pismo. Usitazame kimo cha kujaa peke yake. Tazama tofauti kati ya kupwa na kujaa kunakofuata. Unataka maji yanayopanda angalau futi 3, na yapande mchana kweupe.

Sababu ni hii: maji yanapopanda hufunika mchanga uliokuwa wazi na kuutikisa, wadudu wanafumuka, na samaki wanasogea karibu kuwala. Saa mbili kabla ya kujaa na saa moja baada yake ndizo saa zako. Ukivua wakati wa kupwa kabisa, unawarushia chambo samaki waliokwisha kuondoka.

Majira ya kuchipua na kiangazi, kupwa kukubwa huangukia alfajiri. Hilo linakufaa sana, kwa sababu unaona sura ya ufuko ukiwa mtupu, kisha unavua maji yanaporudi. Wakati wa baridi kupwa kukubwa huja alasiri. Kwa safari ya kwanza ningependekeza kati ya Aprili na Juni, asubuhi, kwa sharti kwamba umalize kabla upepo wa kaskazini-magharibi haujashika mchana. Septemba na Oktoba bahari huwa tulivu zaidi, na pia panafaa.

Jambo la pili ni mawimbi. Utabiri wa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa utakupa kimo kwa futi na muda kati ya wimbi na wimbi kwa sekunde. Kwa mgeni, futi 4 au chini ni sawa. Likizidi futi 6, baki gatini. Sekunde zikifika 15 na kuendelea, ogopa hata kama kimo kinaonekana kidogo, kwa sababu wimbi la namna hiyo limebeba maji mengi na hupanda mbali juu ya mchanga bila kutarajiwa. Kukiwa na tangazo la hatari ya ufukweni, ahirisha.

Umefaulu hatua hii ikiwa una karatasi yenye tarehe, saa ya kupwa, saa ya kujaa, kimo cha mawimbi, na saa ya kuondoka. Andika saa kwa mtindo mmoja tu, wa Kiswahili au wa jedwali. Kuna watu wamefika saa sita nzima nje ya wakati kwa kuchanganya.

## Hatua ya 2: Leseni na kanuni

Hapa ndipo faini zinapozaliwa, kwa hiyo soma polepole.

Ukivua juu ya gati la umma lililo baharini, California haikudai leseni ya kuvua. Ukishuka ngazi na kukanyaga mchanga na rodi mkononi, kila mwenye miaka 16 na kuendelea lazima awe na leseni. Gati na mchanga ni hatua chache tu, na watu wengi hushuka bila kufikiri baada ya gati kukosa samaki.

Leseni inatolewa na Idara ya Samaki na Wanyamapori ya California, mtandaoni au madukani. Ya mwaka huhesabiwa siku 365 tangu uinunue, na kwa mkazi inazidi dola 60. Ya siku moja ni takriban dola 20, na ndiyo sababu nimekutaka uchague siku kwanza. Mkazi ni mtu aliyeishi California mfululizo siku 60 au zaidi kabla ya kuomba. Kama umehamia wiki iliyopita kutoka Texas au umekuja kutembea kutoka Nairobi, lipia bei ya asiye mkazi ya leseni ya mwaka, au chukua ya siku moja.

Kusini ya Point Arguello leseni ya mwaka inahitaji kibali cha nyongeza cha bahari. Pismo iko kaskazini ya hapo, kwa hiyo hukihitaji. Siku ukiamua kwenda Ventura au San Diego, kinunue.

Zipo pia siku mbili kila mwaka ambazo mtu yeyote huvua bila leseni. Kwa kawaida moja ni Jumamosi iliyo karibu na tarehe 4 Julai, na nyingine ni Jumamosi ya wikiendi ya Siku ya Wafanyakazi ya Marekani, mwanzoni mwa Septemba.

Kukosa kudaiwa leseni gatini hakuondoi kanuni nyingine. Gatini mwisho ni rodi mbili kwa mtu. Vipimo na idadi ni vile vile:

- Samaki wa jamii ya surfperch, wale wadogo wa ufukweni utakaowapata zaidi hapa: 20 kwa siku kwa jumla, na wasizidi 10 wa aina moja. Aina iitwayo redtail lazima afike inchi 10 na nusu.
- Halibut wa California, yule bapa kama gayogayo: inchi 22 au zaidi.
- Papa mwenye madoa aitwaye leopard shark: inchi 36 au zaidi, wasizidi 3.
- Papa mweupe na giant sea bass: hawavuliwi. Akinasa kwa bahati mbaya, kata mshipi aende.

Majina hayo nimeyaacha kama yalivyo kwa sababu ndivyo utakavyoyakuta kwenye vibao na kwenye tovuti ya idara. Kanuni hubadilika katikati ya mwaka, kwa hiyo zisome tena jioni ya kuamkia safari.

Lipo onyo moja la Pismo peke yake. Ukichimba mchanga utakutana na chaza wakubwa wenye ganda zito, maarufu kwa jina la mji huo. Watoto huwaokota kama vitu vya kuchezea. Katika kaunti hii chaza asiyefika inchi 4 na nusu lazima azikwe tena mchangani papo hapo, na kuwachukua kunahitaji leseni. Askari wa wanyamapori wanalijua jambo hili na wanakagua ndoo. Waambie watoto kabla hamjashuka garini.

## Hatua ya 3: Hakikisha mahali pako pako wazi

Usiamini picha za mtandaoni. Dhoruba za Januari 2023 zilikata gati la Capitola, likafunguliwa tena Septemba 2024. Gati la Seacliff, jirani yake, likabomolewa kabisa. Desemba 2024 sehemu ya gati la Santa Cruz ilianguka baharini. Piga simu ofisi ya mji siku mbili kabla na uulize swali moja: gati liko wazi kwa wavuvi, mpaka wapi na mpaka saa ngapi?

California ina maeneo 124 ya bahari yaliyohifadhiwa, na mengi hayaruhusu uvuvi au yanauwekea mipaka. Pismo yenyewe iko nje ya maeneo hayo. Ukiendesha gari kuelekea Point Buchon kaskazini au Vandenberg kusini, tazama ramani ya idara kabla ya kutoa rodi.

## Hatua ya 4: Funga mishipi nyumbani

Vidole vikishapoa kwa upepo wa Pasifiki havifungi fundo. Tengeneza mishipi sita nyumbani, uizungushe kwenye vipande vya boksi.

Fundo. Pitisha ncha kwenye tundu la ndoana, uache kama sentimita 15. Izungushe ncha hiyo mara 5 juu ya mshipi mkuu. Irudishe kwenye kijitundu kilichobaki karibu na ndoana. Hapo kitatokea kitanzi kikubwa; pitisha ncha ndani yake. Lowesha kwa mate, kisha vuta polepole mpaka mizunguko ijipange. Ukivuta mkavu, mshipi hupata joto na kudhoofika pale pale. Fundo zuri lina mizunguko iliyolala sambamba. Likipandana, kata ufunge upya.

Mshipi wa gatini. Chubwi ya piramidi chini kabisa, na juu yake ndoana mbili kwenye vitawi vifupi, vikiachana kama sentimita 30.

Mshipi wa mchangani. Pitisha mshipi mkuu ndani ya chubwi ya yai, tia ushanga, kisha funga pete. Upande wa pili wa pete funga kishipi cha sentimita 45 hadi 60 na ndoana namba 6. Chubwi inateleza, kwa hiyo samaki akichukua chambo hahisi uzito.

Narudia neno la ndoana ndogo kwa sababu ndilo linalojaza malalamiko ya chambo kuliwa bure. Samaki utakaowapata hapa wana midomo midogo. Wanaidokoa ndoana kubwa pembeni mpaka inabaki tupu.

## Hatua ya 5: Fika maji yakiwa yamepwa, uusome ufuko

Usitoe rodi bado. Panda gatini utazame chini, kisha ufuate mchanga kwa miguu.

Tafuta mifereji na mashimo: mahali ambapo mchanga umechimbika, maji yametuama, au wimbi linapita bila kuvunjika huku pembeni linavunjika. Weka alama kwa kitu cha nchi kavu kama nyumba, nguzo au mnara wa waokoaji, kwa sababu maji yakirudi hutaona tena chochote. Huko ndiko samaki watakakopita.

Ukiona mkondo wa maji yenye mchanga mwingi ukirudi baharini kwa nguvu, kingo zake ni pazuri kuvua, lakini usiukanyage. Huo huvuta mtu.

Sasa chimba chambo. Wimbi likirudi, tazama uso wa mchanga uliolowa: utaona alama ndogo ndogo za umbo la V, nyingi kwa pamoja, maji yakizipita. Chini yake, kina cha kiganja, wapo viumbe wa jamii ya kaa wenye umbo la yai na rangi ya kijivu, wakubwa kama ncha ya dole gumba. Chota mchanga kwa mikono miwili, acha maji yauoshe, nao watabaki wakikutekenya kiganjani. Bonyeza kidogo: wenye ganda laini wametoka kujivua, na hao ndio chambo bora kuliko chochote utakachonunua. Kuwachukua ni uvuvi pia, kwa hiyo uwe na leseni.

## Hatua ya 6: Anza gatini

Hata mwenye leseni namshauri aanzie gatini kwa saa moja. Unajifunza mdokoo wa samaki bila kuhangaika na mawimbi.

Kosa kubwa la gatini ni kurusha mbali. Nguzo zimevaa kome na viumbe vingine, na surfperch hula hapo hapo. Shusha mshipi wima pembeni ya nguzo, pale mawimbi yanapoanza kuvunjika, mpaka chubwi iguse chini, kisha kaza mshipi. Ukienda mwisho wa gati, tumia vipande vidogo vya chambo karibu na uso wa maji, kwa boya, kwa ajili ya samaki wanaotembea makundi kama jamii ya vibua.

Tazama nyuma kabla ya kurusha, kila mara. Gati ni njia ya watu na watoto.

Samaki mzito usimvute kwa mshipi kutoka maji hadi juu. Shusha wavu, mwelekeze ndani, mpandishe kwa kamba. Samaki aina ya taa, yule bapa mwenye mwiba mkiani, akinasa, kata mshipi karibu na mdomo bila kumpandisha.

## Hatua ya 7: Shuka mchangani maji yakipanda

Simama maji yakikufika vifundoni, na yasipite magoti. Usiyape mawimbi mgongo hata unapofunga ndoana. Ukitaka kufunga, rudi mchanga mkavu kwanza. Kila ukiingia, buruta miguu bila kuinua nyayo, ili taa aliyelala mchangani ahisi na kuondoka. Akikuchoma, toka majini na uloweke jeraha katika maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kisha utafute matibabu.

Rusha kwenye alama uliyoiweka, si kwenye upeo wa macho. Samaki wengi hapa hula mita 5 hadi 20 tu kutoka unaposimama, kwenye povu lenyewe. Acha chubwi ifike chini, kisha zungusha rili polepole sana, mizunguko miwili, tulia, miwili tena. Mshipi ubaki umekaza, la sivyo hutahisi kitu.

Mdokoo huja kama vigongo viwili vya haraka, kisha mvuto. Usikurupuke. Inua rodi kwa utulivu na uendelee kuzungusha. Samaki akifika kwenye maji mafupi, subiri wimbi linalokuja limsukume juu ya mchanga. Ukimvuta wimbi linaporudi, mshipi utakatika au mdomo utachanika.

Dakika 15 bila dalili, sogea hatua 20. Hawa ni samaki wa makundi: ukimpata mmoja, rusha hapo hapo.

Mwenzako akichukuliwa na maji, usimfuate. Piga 911, mtupie kitu kinachoelea, hata sanduku la barafu tupu, na umwonyeshe kwa mkono aogelee sambamba na ufuko mpaka atoke kwenye mkondo.

## Hatua ya 8: Pima, amua, rudisha

Lowesha mikono kabla ya kumshika, maana mikono mikavu inamtoa ute unaomlinda. Laza rula, mpime kwanza, ndipo uamue. Usitie ndooni kwa nia ya kupima baadaye.

Surfperch huzaa watoto walio hai. Kuanzia majira ya kuchipua utakuta jike mwenye tumbo lililovimba, na pengine akaanza kuzaa mkononi mwako. Kanuni haikulazimishi kumrudisha, lakini mimi nakuomba umrudishe, upesi, kichwa kikiangalia wimbi. Chukua wa kutosha mlo wa nyumbani.

Askari akija, mwonyeshe leseni, vifaa na samaki. Ana haki ya kukagua, na ukaguzi huisha kwa dakika chache kama vipimo vyako viko sawa.

## Hatua ya 9: Barafu, jikoni, na rili

Samaki aingie kwenye barafu pale pale, si kwenye ndoo ya maji ya jua. Mpasue na kumtoa matumbo siku hiyo hiyo. Nyama nzuri hubaki ngumu ukiibonyeza na haina harufu kali.

Kuhusu zebaki, ofisi ya jimbo inayoitwa OEHHA hutoa ushauri wa samaki wangapi wa kula kwa wiki, kwa aina na mahali. Watoto na wanawake wa miaka 18 hadi 49 wamewekewa kiwango cha chini zaidi. Papa wana zebaki nyingi kuliko samaki wadogo wa ufukweni.

Kome uliowabandua mwenyewe kwa chambo wasiingie sufuriani kati ya tarehe 1 Mei na 31 Oktoba. Ndicho kipindi cha karantini ya kila mwaka pwani yote ya California, kwa sababu ya sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi.

Usiku ule ule, kabla ya kulala, ifute rodi na rili kwa kitambaa kilicholowa maji yasiyo na chumvi, uziache zikauke kivulini. Legeza breki ya rili. Kata mita 2 za mwisho za mshipi uzitupe kwenye takataka, kwa sababu mchanga umezikwaruza, na hapo ndipo samaki wa safari ijayo angekatia.